Mume Wangu Ameacha Vidonge vya Presha kwa Ajili ya Dumu la Mama Yake

Shikamoo mama,

Nakusoma siku nyingi, leo nimeona na mimi niandike maana nimefika pabaya. Tunaishi Ngamiani, Tanga mjini. Nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la kwanza, mdogo ana miezi minane na bado ananyonya. Mume wangu ana miaka 46, anaendesha lori la mizigo Tanga na Dar. Mwaka jana alikutwa na presha, akaandikiwa amlodipine, kidonge kimoja kila siku, na akawa anakunywa bila shida.

Mama mkwe wangu anakaa Muheza. Anajua miti tangu ujana wake, na nisimsingizie, yeye si mganga wa ramli. Nilipojifungua huyu mdogo aliniuguza kama amenizaa. Mwezi uliopita alikuja kumwona mjukuu, akaja na kiroba chake: majani ya mlonge aliyoyakausha mwenyewe, magome ya mwarobaini, rozela, vitunguu saumu, tangawizi, kichupa cha mafuta ya mwarobaini na fungu la urukususu, ile mizizi mitamu ya kutafuna. Ukitoa mafuta na urukususu, vyote vilivyobaki vikaingia sufuria moja kubwa, vikachemka mpaka maji yakawa meusi, akachuja, akajaza dumu la lita tano, likaingia kwenye friji. Mwanawe anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Urukususu anatafuna njiani akiwa kwenye usukani kwa sababu ameacha sigara.

Basi siku hizohizo akaacha vidonge. Alikuwa ameanza kulalamika kwamba vinamvimbisha miguu, akishuka kwenye gari viatu vinambana. Siku ya tatu akaenda kupima duka la dawa, ikasoma 134 kwa 84. Akarudi anacheka: "Mmeona? Huu mti wa Mungu." Mama mkwe akapiga kigelegele. Tangu hapo mimi nikisema neno naonekana najifanya msomi. Wiki mbili baadaye akaanza kuumwa kichwa asubuhi, nikambembeleza akapime tena. Ikasoma 172 kwa 106. Anasema kipimo kibovu.

Juzi usiku nilimwaga dumu lote, nikasema limechacha. Kufika alfajiri mama mkwe kashachemsha jingine.

Na kuna huyu mtoto. Anakohoa, bibi yake anamlambisha asali iliyopondewa kitunguu saumu. Sasa anataka kumpa na matone ya mafuta ya mwarobaini amsafishe tumbo. Nimemzuia kwa visingizio, vimeniishia.

Mimi sipingi miti shamba, mama. Mchaichai nanywa kila jioni, na tangawizi ndiyo iliyoniokoa na kichefuchefu cha mimba. Ndiyo maana nachanganyikiwa, kipi nikubali na kipi nikatae? Na nitamwambiaje mama mkwe bila kuvunja nyumba?

Mkwe Aliyebanwa,
Tanga

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna neno umelipitisha harakaharaka ambalo mimi nimelisimamia. Nitalifikia. Kwanza tumalize la mtoto, maana hilo halingoji.

Kichupa cha mafuta ya mwarobaini kitoke mahali watoto wanapofika, leo hii. Usizunguke na visingizio tena. Mwambie bibi yake moja kwa moja, kwa heshima, kwamba mtoto huyu hapewi mafuta hayo mdomoni hata tone moja. Mafuta yanayokamuliwa kwenye mbegu za mwarobaini yameshawahi kuua watoto wachanga. Madaktari wa India na Malaysia waliandika habari zao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watoto walinyweshwa kiasi kidogo kwa nia njema kama hii ya bibi, wakaanza kutapika, wakalegea, wakapata degedege. Bibi anajua kwamba majani ya mwarobaini huwekwa kwenye mahindi na maharage ili wadudu wasishambulie. Muulize tu: mama, kitu kinachomshinda dumuzi, tumbo la miezi minane litakiweza?

Asali nayo ikome mpaka mtoto atimize mwaka mmoja. Ndani ya asali, hata ile safi kabisa ya msituni, huweza kukaa mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya kulegeza misuli. Tumbo la mtu mzima huwashinda, la mtoto mchanga bado. Kuichemsha nyumbani hakuzimalizi mbegu hizo. Kwa kuwa ameshalambishwa, usipaniki, wengi hawapati lolote. Lakini ukiona amefunga choo siku kadhaa, ananyonya kwa ulegevu, kilio kimefifia au kope zinashuka, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba alipewa asali. Kikohozi chake mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na pua ikiziba mdondoshee matone ya maji ya chumvi yale ya dukani. Akiwa ametulia mhesabie pumzi kwa dakika nzima, saa iko mkononi. Umri wake, zikifika 50 au zaidi kwa dakika, au mbavu zikiwa zinabonyea ndani anapovuta hewa, hicho si kikohozi cha kukaa nacho nyumbani.

Sasa baba watoto.

Nimekaa kwenye dirisha la dawa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hadithi ya siku ya tatu nimeisikia kutoka kwa wanaume wengi sana. Mtu anaacha kidonge, anakunywa mti, anapima, presha iko nzuri, anatangaza ushindi. Amlodipine ni dawa inayotoka mwilini polepole mno. Baada ya kidonge cha mwisho huchukua kati ya saa 30 na 50 kiasi chake kwenye damu kupungua nusu, halafu muda kama huo nusu ya ile nusu kuondoka, hivyohivyo. Kwa hiyo siku ile aliporudi anacheka, iliyokuwa ikimshikilia ni dawa aliyoitukana. Ilipokwisha kabisa, wiki moja na zaidi baadaye, presha ikapanda kwa utulivu bila kumbishia hodi, mkaja kuiona kwenye 172 kwa 106. Kigelegele kilipigwa mapema.

Mweleze hivyohivyo, tena mbele ya mama yake, kwa sauti ya kawaida. Wote wawili waliona namba ile kwa macho yao, kwa hiyo hawakudanganywa, waliisoma kabla ya wakati wake. Mtu akielezwa kwa nini alichokiona kilionekana vile, hana haja ya kujitetea.

Na hili ndilo neno nililosema nimelisimamia: miguu. Wewe umeandika barua nzima juu ya mama mkwe, lakini aliyeacha vidonge ni mume wako, na aliviacha kwa sababu viatu vilimbana. Dumu lilimpa sababu ya heshima ya kuacha kitu ambacho tayari kilishamchosha. Angekuwa hana dumu angesema vimekwisha dukani, au bima imegoma. Kuvimba vifundo vya miguu ni kero inayojulikana sana ya amlodipine, hasa dozi ikiwa ya miligramu 10, na kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha lori saa nane ndiyo inazidi. Kwa kawaida si dalili kwamba dawa inamharibu figo, ingawa miguu inayovimba ni lazima ikaangaliwe, maana moyo na figo navyo huvimbisha. Daktari ana njia kadhaa: kupunguza dozi, kuongeza dawa ya pili, au kumbadilishia kabisa, kwa mfano kumpa losartan, ambayo kwa kawaida haivimbishi miguu hivyo. Aseme pia kazi yake. Kuna dawa za presha zinazokojoza, na dereva aliye katikati ya safari ya Dar atazitupa kwa sababu hiyo tu, bila kumwambia mtu.

Anatakiwa aonane na daktari wiki hii. Kama vidonge vyake bado viko ndani ya muda, arudie dozi yake ileile aliyoandikiwa kuanzia leo, asimeze viwili kufidia alivyoviacha. Kipimo kikisoma 180 kwa 120 au zaidi, apumzike dakika chache apimwe tena, na kikirudia huohuo aende hospitali siku hiyohiyo. Na kama anaumwa kifua, anapumua kwa shida, anaona ukungu, kichwa kinapasuka, mdomo umepinda, maneno hayatoki sawasawa au upande mmoja wa mwili umelegea, msipoteze muda na kipimo chochote, ni gari na hospitali, usiku au mchana. Na asiwe yeye anayeendesha.

Kuhusu "kipimo kibovu", huenda hata ana haki kidogo, maana watu wengi hupimwa vibaya. Akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano bila kuzungumza, miguu yote chini, asikunje nne. Awe ameshakojoa, hajanywa kahawa nusu saa kabla. Mkono wazi, si juu ya shati, ulale mezani usawa wa moyo. Mpime mara mbili mkiachia dakika moja katikati. Kama mnaweza kununua mashine ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Mnaandika asubuhi na jioni kwa wiki moja, daftari linakwenda kliniki. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na kuendelea bado ni presha.

Tuje kwenye kiroba chenyewe. Nitakwenda kimoja kimoja, maana kosa kubwa la dumu lile ni kwamba vyote vimo pamoja. Likimsaidia hamtajua ni kipi, likimdhuru hamtajua ni kipi.

Nianze na ambacho hukukilalamikia hata kidogo. Urukususu. Mizizi ile ina kitu kinachoufanya mwili ushike chumvi na maji na kumwaga potasiamu, na matokeo yake presha hupanda. Mtu akitafuna kijiti kimoja siku ya sikukuu hakuna neno. Kutafuna kila siku kutwa nzima kwenye usukani, huku ameacha vidonge, ni kuumwagia moto mafuta. Hospitalini hili halimjii mtu akilini kuuliza, na yeye hatalisema kwa sababu kwake si dawa, ni kitu cha kushughulisha mdomo. Aache leo. Kuacha sigara ni jambo kubwa na sitaki azirudie, kwa hiyo mpe mbadala: mama mkwe anatoka Muheza, huko juu Amani iliki si ya kutafuta kwa tochi. Punje mbili tatu za iliki shavuni zitafanya kazi hiyohiyo.

Rozela ndiyo ya heshima kuliko zote kwenye kiroba hicho. Hii imepimwa kwa watu. Mwaka 2010 yalichapishwa majaribio ya Marekani ya watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya rozela kwa siku, kwa wiki sita, ile namba ya juu ilishuka kwa pointi 7 na kidogo, na waliopewa kinywaji cha kufanana nacho ilishuka kwa pointi moja na kidogo. Saba si haba. Lakini piga hesabu: 172 ukitoa 7 unabaki na 165. Rozela humsaidia aliye mlangoni, mume wako yuko ndani kabisa. Anaweza kuendelea nayo, kikombe kimoja au viwili, bila sukari, ila daktari aambiwe, kwa sababu ikijumlika na vidonge inaweza kuishusha kupita kiasi, na kizunguzungu barabarani ni balaa jingine. Mwenye vidonda vya tumbo ukali wake utamsumbua.

Mlonge, majani yake ni chakula. Yatie kwenye mboga, kwenye uji, kijiko cha unga wake kwenye maharage, mle wote nyumbani. Kama dawa ya presha ushahidi wake ni mwembamba, ila mboga nzuri ni mboga nzuri. Majani tu lakini. Mizizi na magome ya mlonge ni habari nyingine kabisa, na mjamzito asiyaguse, yanaweza kusukuma mfuko wa uzazi. Na mwenye kisukari anayetumia dawa ajue kwamba majani hayo yanaweza kushusha sukari juu ya kile ambacho dawa inashusha.

Magome ya mwarobaini yatoke. Nayasema hayo nikijua nitapata barua nyingi za kunikosoa. Mwarobaini una nguvu kweli, na ndiyo sababu si kinywaji cha kila siku mwezi mzima, vikombe viwili, kwa mtu ambaye figo na ini lake hayajapimwa. Tena kwa presha haukumsaidia, namba zimesema. Majani yake mfukizie mbu jioni uani.

Kitunguu saumu na tangawizi ni vya jikoni, vibaki jikoni. Kitunguu saumu kikichemshwa saa nzima kile chenye nguvu ndani yake hupotea kwa sehemu kubwa. Kinatokea pale unapokiponda. Ponda, kiache kama dakika kumi, ndipo ukitie kwenye chakula mwishoni. Nyumba ikiwa na mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu, kama warfarin, au anayesubiri upasuaji, kitunguu saumu cha dozi kubwa aulizie kwanza. Hata kung'oa jino.

Utaniuliza, mbona mti huohuo unausifu na kuukataa? Mama mkwe wako atalielewa hili haraka kuliko wewe kwa sababu ni jirani wa Amani. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti kule mwaka 1902, wakapanda miti ya kwinini, ile dawa ya malaria, pamoja na mingine mingi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za meli, kwinini ya askari wao ilitengenezwa hukohuko kutokana na magome ya miti ile. Baadaye walipofurushwa kuelekea kusini walichemsha magome yenyewe wakanywa maji yake, machungu kiasi cha kumtoa mtu machozi. Dawa ni ileile, imo ndani ya gome. Ila gome la mti mmoja halilingani na la mti mwingine, na kikombe cha leo hakilingani na cha jana. Ndiyo maana Wafaransa wawili waliitenga kwinini peke yake mwaka 1820, na ndiyo maana mpaka leo inapimwa kwa miligramu. Malaria na presha zote mbili hazisamehe dozi ya kukisia. Kikohozi cha mafua, kichefuchefu, tumbo lililojaa gesi, usingizi uliogoma, hayo husamehe, na hapo ndipo miti ya nyumbani ina kazi yake halali.

Kabla sijamfikia mama mkwe, nikuulize: kiroba kilikuja na ng'onda, yule samaki wa kukaushwa? Kama namjua mama wa Kibondei anayekwenda kumwona mwanawe, hakuja mikono mitupu. Samaki wa chumvi, achari ya embe na ukwaju, vipande vile vya mchuzi vya dukani, chumvi juu ya mihogo ya kukaanga pale anapopaki lori. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyoko ndani ya mkate na samaki. Ng'onda mloweke usiku mzima, maji ubadilishe, na awe wa mara mojamoja. Nakuhakikishia hili litafanya zaidi ya magome yote, na hata mama mkwe hatalikataa, maana hapo hakuna aliyeitwa mshamba.

Kuhusu kumwaga dumu usiku: usirudie. Umempa mama mkwe sababu ya kuchemsha kwa bidii zaidi, na siku akijua utakuwa umepoteza haki yako yote. Halafu daktari anatakiwa ajue mtu huyu anakunywa nini hasa na kiasi gani. Ukimwaga kisirisiri hata wewe hutajua.

Fanya hivi. Subiri wakati mko wawili mnachambua mchele au mboga, mumeo yuko safari. Usianze na presha. Mwambie, "Mama, mimi nataka unifundishe hii miti, nisije nikabaki sijui kitu." Muulize kila mmoja: unaitwaje kwenu, ni jani au gome au mzizi, umechumwa wapi, unapewa nani na haupewi nani. Andika. Wajuzi wa kweli wa miti wana orodha ndefu ya wasiopewa, na utashangaa yeye mwenyewe akikwambia huu hapewi mwenye mimba, huu hapewi mtoto. Hapo ndipo useme, "Basi mama, karatasi hii twende nayo kliniki, uwaeleze wewe mwenyewe, mimi nitakosea majina." Mpeleke. Mfungie kila kimoja kidogo kwenye karatasi yake. Mama aliyebembelezwa aje kueleza hatakuwa adui wa kliniki, na mwanawe hatakuwa na pa kujificha.

Akisema madaktari hawataki kusikia dawa za asili, huko kwenu Tanga ana jibu karibu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Hospitali ya Bombo walikaa na waganga wa Pangani wakashirikiana kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo dawa za hospitali za kupunguza makali hazikuwepo. Muhimbili kuna Taasisi nzima ya Tiba Asili. Nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Sitakuficha, wapo watumishi wenye midomo michafu ambao mgonjwa akitaja mti wanamfokea, na hao wamewafundisha wagonjwa kudanganya. Ukimkuta wa namna hiyo omba kuonana na mwingine.

Ninachokiogopa kuliko kiroba cha mama mkwe ni unga wa kwenye kopo usio na jina la mtengenezaji, unaouzwa kwa spika barabarani kuwa unatibu presha, kisukari, mgongo na nguvu za kiume kwa pamoja. Katika nchi nyingi unga wa namna hiyo umekutwa umechanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, dawa za maumivu, steroidi, hata sildenafil, ile ya nguvu za kiume. Mtu anapata nafuu ya ghafla anadhani ni mti. Mume wako yuko njiani kila siku, atauziwa. Majani ya mama yake walau tunajua yalianikwa wapi.

Wewe na vikombe vyako. Mchaichai kunywa, kiasi cha kikombe kimoja au viwili jioni hakina ugomvi na kunyonyesha. Tangawizi ya kichefuchefu ilikusaidia kwa haki, imepimwa kwa wajawazito wengi, na kiasi kinachotumika ni kama gramu moja ya unga wake kwa siku, kwa hiyo hukuota. Mdalasini kwenye chai, iliki kwenye uji, mrehani kwenye maji ya kujifukiza kwa mbali ukiwa na mafua, yote sawa, ila sufuria la mvuke liwe mbali na huyo wa darasa la kwanza, maana maji ya nyungu yameunguza watoto wengi. Shubiri usinywe ukiwa na mimba wala ukinyonyesha, utomvu wake wa njano unaharisha vibaya. Chai ya rangi usinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma, na mama anayenyonyesha anayahitaji.

Na ule mlonge uliobaki, kwa kuwa sasa ni mboga ya nyumba nzima, uhamishie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, ikae kabatini mbali na jiko, uandike juu yake jina na mwezi uliokaushwa. Tanga ina unyevu. Siku ukiukuta umeganda mabonge au unanuka uvundo utupe, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe, na umwombe alete mwingine.